Sauti Bila Mbebaji: Jinsi Simu ya Upepo Inavyofikisha Taarifa Mbali, na Kwa Nini Pande Mbili Zinahitaji Kipimo Kimoja



Mwananchi anapofika kituoni kutoa taarifa na kumkuta askari wa zamu akizungumza kwenye simu ya upepo, aghalabu hushangazwa na mambo matatu. Kwanza, sauti inayotoka chomboni hukwaruza, na mara nyingine hufanana na mlio wa bata. Pili, askari hurudia neno lilelile mara mbili au tatu, ilhali mwananchi mwenyewe amelisikia vyema. Tatu, askari hataji jina la mtoa taarifa, ingawa amesimama mbele yake. Wapo wanaodhani kwamba chombo ni kibovu. Wapo wanaodhani kwamba askari hana usikivu. Wapo pia wanaodhani kwamba ule mlio wa bata ni lugha ya siri isiyoweza kueleweka na mhalifu. Dhana zote tatu si sahihi, na hiyo ya tatu ina hatari ndani yake.

Katika somo hili tunaeleza namna chombo hicho kinavyofanya kazi. Wengine hukiita redio koli, na ndugu zetu wa Kongo hukiita foni. Tutazungumzia hasa ile aina inayotumia ukanda mmoja wa upande, ambayo kwenye vyombo vingi huandikwa kwa herufi SSB. Hatukusudii kumfanya kila msomaji awe fundi. Tunakusudia mwananchi aelewe taarifa yake inapitia wapi, inaweza kupotea wapi, na yeye mwenyewe ana sehemu gani katika kuifikisha salama.

Mahali tulipo

Wilaya ya Koboko inapakana na nchi mbili. Huko Salia Musala, Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana mahali pamoja. Kutoka Arua hadi Kampala, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 350. Kati ya miji yetu kuna mabonde, vilima, na milima kama Liru kule Koboko na Wati kule Terego.

Redio ndogo za mkononi hutumia masafa ya juu sana, na mawimbi yake husafiri kama mwanga wa tochi: yanakwenda moja kwa moja, na yakikutana na mlima yanazuiwa. Simu zetu za mkononi nazo hutegemea minara. Mnara ukikosa umeme, au mwananchi akiwa kwenye njia za panya mbali na mnara, simu hubaki kuwa tochi na saa tu.

Ndiyo maana redio za masafa mafupi, yaani kati ya kilohezi 3,000 na 30,000, hazijaachwa. Hizo hazihitaji mnara wala kampuni ya simu kati ya msemaji na msikilizaji. Zinahitaji chombo, betri, waya na mtu anayejua kazi yake. Wakazi wa Arua na Koboko wameyaona kwa miaka mingi magari ya mashirika ya misaada yenye antena ndefu inayoyumba mbele ya gari. Magari hayo yaliongezeka mwaka 2016, pale mapigano ya Julai huko Juba yalipowafanya watu wengi wavuke mpaka, na makazi ya Bidibidi yakafunguliwa Yumbe mwezi Agosti. Antena ile si pambo. Aghalabu ni ya redio ya namna hii tunayoizungumzia.

Funzo kutoka kwa majirani

Tuwatazame majirani zetu wa Haut-Uele, upande wa magharibi. Mji wa Faradje, ambao uko takriban kilomita 140 kutoka Koboko, ulishambuliwa na waasi wa LRA siku ya Krismasi mwaka 2008. Mwaka uliofuata, kati ya tarehe 14 na 17 Desemba 2009, waasi haohao waliua zaidi ya watu 300 na kuteka wengine wengi katika vijiji vya eneo la Makombo. Vijiji vile vilikuwa mbali na barabara nzuri na mtandao wa simu. Ukubwa wa maafa hayo ulijulikana duniani mwishoni mwa Machi 2010, shirika la Human Rights Watch lilipotoa ripoti yake. Ilikuwa imepita miezi mitatu.

Katika miaka iliyofuata, Kanisa Katoliki na mashirika ya kiraia ya huko, pamoja na shirika la Invisible Children la Marekani, walieneza redio za masafa mafupi katika vijiji vya Haut-Uele na Bas-Uele. Waendeshaji walikuwa wanakijiji wenyewe. Walikutana hewani kila siku kwa saa zilizopangwa, kila mmoja akaeleza hali ya kijiji chake: nani amepita, wameelekea wapi, nani ametekwa. Kuanzia mwaka 2011 taarifa hizo zilikusanywa pia kwenye ramani ya wazi iliyoonyesha mashambulizi. Kijiji kilichosikia kwamba waasi wako umbali wa siku moja kiliweza kujihadhari. Tofauti kati ya kijiji kinachosikika na kijiji kisichosikika ilikuwa chombo kimoja, betri ya gari, paneli ya sola na waya uliotundikwa mitini.

Sasa tuone chombo hicho kinafanya nini.

Kuipakia sauti juu ya wimbi

Sauti ya binadamu haiwezi kuruka peke yake kutoka Koboko hadi Kampala. Ni mtetemo wa hewa, nao hufifia baada ya mita chache. Kipaza sauti huugeuza mtetemo huo kuwa umeme unaopanda na kushuka. Umeme huo nao ni wa masafa ya chini mno kurushwa kwa antena ya kawaida. Sehemu kubwa ya maneno yetu imo kati ya hezi 300 na hezi 3,000. Kwa hiyo sauti hupakiwa juu ya wimbi la masafa ya juu zaidi. Tendo hilo mafundi huliita modulesheni, na wimbi linalopakiwa sauti tutaliita wimbi mbebaji.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme wimbi mbebaji lina masafa ya kilohezi 6,000, na mtu anapiga mluzi wenye masafa ya kilohezi 1. Redio ya kawaida ya utangazaji wa masafa mafupi itarusha hewani vitu vitatu: wimbi mbebaji lenyewe kwenye 6,000, wimbi jingine kwenye 6,001, ambayo ni jumla ya yale mawili, na la tatu kwenye 5,999, ambayo ni tofauti yake. Mtu akizungumza badala ya kupiga mluzi, sauti zake zote hujipanga pande mbili za mbebaji. Upande wa juu unaitwa ukanda wa juu, na upande wa chini ukanda wa chini. Kanda hizo mbili zinabeba maneno yaleyale, kama uso wa mtu na taswira yake kwenye kioo.

Hapa ndipo pana ubadhirifu. Mtambo wa namna hiyo unapofanya kazi kwa kiwango chake cha juu, kama mbebaji anatumia wati 100, kila ukanda hupata wati 25. Jumla ni wati 150. Kati ya hizo, 100 zinakwenda kwa mbebaji asiyebadilika, ambaye hana neno hata moja ndani yake. Wati 25 nyingine zinarudia yaliyokwisha kusemwa na ukanda wa pili. Kazi ambayo ingefanywa na sehemu moja kati ya sita imetumia nguvu yote.

Kwa kituo kikubwa cha utangazaji kilichounganishwa na umeme mkubwa, ubadhirifu huo unavumilika, kwa sababu unaziwezesha redio za wasikilizaji kuwa rahisi na za bei nafuu. Kwa kituo kidogo cha mpakani kinachotegemea betri na paneli moja ya sola, kila wati ina thamani yake.

Kutupa kisichohitajika

Mtu aliyelionyesha jambo hili kwa hesabu alikuwa John Renshaw Carson, mtaalamu wa kampuni ya simu ya American Telephone and Telegraph. Aliwasilisha ombi la hataza mwaka 1915, na ikatolewa mwaka 1923. Alionyesha kwamba mbebaji anaweza kuondolewa, na ukanda mmoja ukaondolewa vilevile, bila neno lolote la msemaji kupotea. Tarehe 7 Januari 1927 huduma ya kwanza ya simu ya redio kati ya New York na London ilifunguliwa kwa njia hiyo. Dakika 3 za mazungumzo ziligharimu dola 75, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Hata matajiri walizungumza kwa ufupi.

Katika chombo cha kisasa, kazi hiyo hufanyika kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni saketi inayofanya kazi kama mizani yenye sahani mbili zilizolingana. Wimbi mbebaji hugawanywa na kupambanishwa na lenyewe hadi linajifuta, zikabaki kanda mbili tu. Hatua ya pili ni kichujio, ambacho mara nyingi hutengenezwa kwa fuwele. Kichujio kinaruhusu ukanda mmoja upite na kuuzuia mwingine, kama chekeche linavyopitisha unga na kuzuia pumba. Kinachobaki hukuzwa na kupelekwa kwenye antena.

Faida zake ni tatu. Nguvu yote ya mtambo inakwenda kwenye maneno. Njia inayotumika hewani ni nyembamba, takriban kilohezi 3 badala ya 6, hivyo wasemaji wengi zaidi wanaenea, na msikilizaji anapokea nusu tu ya kelele. Tena, msemaji anaponyamaza, chombo nacho karibu hakirushi kitu, na betri inapumzika.

Kuipakua sauti: mfano wa tepu ya fundi

Hata hivyo, hakuna cha bure. Yule mbebaji tuliyemtupa hakuwa na maneno, lakini alikuwa na kazi moja: alikuwa kipimo. Redio inayopokea ilimtumia kujua kila sauti iko umbali gani kutoka mahali pa kuanzia. Sasa hayupo. Kwa hiyo chombo kinachopokea hulazimika kutengeneza mbebaji wake chenyewe, kikamweka palepale alipokuwa yule wa kwanza, na kutoa hesabu. Tendo hilo la kupakua sauti huitwa demodulesheni.

Turudi kwenye mfano wetu. Limefika wimbi la 6,001. Chombo kinatengeneza wimbi la 6,000, kinatoa, na kinapata kilohezi 1. Mluzi umerudi kama ulivyopigwa. Tuseme sasa chombo kimekosea kidogo, kikatengeneza 5,999.8. Jibu litakuwa kilohezi 1.2. Mluzi umepanda kwa hezi 200.

Mluzi mmoja ukipanda, hapana madhara makubwa. Lakini sauti ya binadamu ni mkusanyiko wa mitetemo mingi inayopatana. Mtetemo wa hezi 500 huandamana na wa 1,000 na wa 1,500: wa pili ni mara mbili ya wa kwanza, na wa tatu ni mara tatu. Kosa la hezi 200 litaifanya mitetemo hiyo iwe 700, 1,200 na 1,700. Uwiano umevunjika. Sikio halisikii tena mtu aliyepandisha sauti, linasikia bata.

Fikiria fundi seremala ambaye tepu yake ya kupimia imekatika ncha kwa inchi 2, naye hajui. Ubao wa inchi 10 atausoma 12, na wa inchi 20 atausoma 22. Kila kipimo kimekosewa kwa kiasi kilekile, lakini mlango hauingii kwenye fremu. Tepu ya fundi wa mbao na mbebaji wa redio ni kitu kimoja: pande mbili zikianza kuhesabu kutoka alama tofauti, kazi haikubali.

Ndiyo maana askari anaposikia mlio wa bata huzungusha kitufe cha kusahihisha, polepole, hadi sauti ikae sawa. Chombo hakijaharibika. Kinatafuta sifuri ya mwenzake. Ni lazima pia pande zote zichague ukanda mmoja. Vyombo vya usalama na vya mashirika ya misaada kwa desturi hutumia ukanda wa juu. Wapenzi wa redio za ridhaa hutumia ukanda wa chini kwenye masafa yaliyo chini ya kilohezi 10,000. Mmoja akiwa juu na mwingine chini, mitetemo hugeuzwa, ya juu ikawa ya chini na ya chini ikawa ya juu, na hakuna neno litakaloeleweka hata kitufe kikizungushwa kutwa nzima.

Anga la mchana na anga la usiku

Mawimbi ya masafa mafupi yana uwezo wa kuruka milima kwa sababu huelekea juu, yakafika kwenye tabaka la ionosfia lililo takriban kilomita 250 hadi 350 kutoka ardhini, na kurudishwa chini. Kwa safari fupi kama ya Arua na Koboko, au ya kadiri kama ya Koboko na Kampala, tunataka mawimbi yapande karibu wima na kushuka kama maji ya bomba lililoelekezwa juu. Ndiyo sababu waya wa antena hutandazwa chini kiasi, mita chache tu kutoka ardhini. Kwa masafa ya kilohezi 6,000, waya huo huwa na urefu wa karibu mita 24.

Tabaka hilo hufuata jua. Mchana hurudisha masafa ya juu zaidi, na usiku hutaka masafa ya chini. Kwa hiyo askari anayebadili masafa jioni hana la kuficha, anafuata anga. Radi za msimu wa mvua husikika redioni kama mbao zinazopasuliwa, hata ngurumo ikiwa mbali. Vifaa duni vya sola navyo hutoa mvumo unaofunika sauti dhaifu.

Hapa mwananchi ana jambo la kufanya. Waya mrefu uliofungwa kati ya nguzo mbili au miembe miwili kwenye uwanja wa kituo, zahanati au parokia si kamba ya kuanikia nguo. Nguo na mikono huharibu kazi yake, na mtu anayeugusa wakati chombo kinarusha anaweza kuungua ngozi. Watoto waonywe, na mbuzi wasifungwe kwenye nguzo zake.

Sauti ya bata si kufuli

Tumefika kwenye dhana ile ya hatari. Mwananchi mwenye redio ya kawaida ya masafa mafupi hupita mahali fulani akasikia bata akizungumza, asielewe neno. Anahitimisha kwamba mazungumzo ya vyombo vya usalama yamefungwa kwa siri. Sivyo. Redio yake haikuelewa kwa sababu tu haina saketi ya kutengeneza mbebaji. Mtu yeyote mwenye redio yenye kitufe cha SSB, akiwa Yei, Ariwara au mbali zaidi, anaweza kuyasikia mazungumzo hayo wazi, neno kwa neno. Ukanda mmoja wa upande ulibuniwa ili kuokoa nguvu na nafasi. Haukubuniwa kuficha.

Kwa mwananchi wa mpakani jambo hili linagusa uhai. Anayetoa taarifa kuhusu bunduki zinazovushwa, au kuhusu jirani anayehifadhi wezi wa mifugo, anaishi katika kijiji kilekile na anaowataja, na mara nyingi ana shamba au ndugu ng'ambo ya mpaka. Jina lake likitajwa hewani leo jioni, linaweza kuwa sokoni kesho asubuhi. Kwa hiyo jina la mtoa taarifa halina nafasi kwenye simu ya upepo ya wazi. Linaandikwa na kuhifadhiwa kituoni, na linapelekwa kwa njia nyingine pale linapohitajika. Mwananchi asione kuwa amedharauliwa asipotajwa. Kutotajwa ndiko kulindwa kwake. Naye akimsikia mtu yeyote, awe askari au mfanyakazi wa shirika, anaelekea kulitaja jina lake hewani, ana haki ya kumwomba asite.

Tukumbushe pia kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya mwaka 2013, kumiliki au kuendesha mtambo wa redio wa kurusha mawimbi kunahitaji leseni ya Tume ya Mawasiliano. Parokia, zahanati au kikundi kinachotaka chombo cha namna hii kianzie huko.

Kipimo kimoja cha maneno

Chombo kikishakubaliana na mwenzake kuhusu sifuri, bado wanadamu wanapaswa kukubaliana kuhusu maneno. Uganda, Kongo na Sudan Kusini sasa zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiswahili mara nyingi ndicho daraja letu hewani, pamoja na Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kilingala. Lakini daraja hilo lina mbao chache zilizolegea.

La kwanza ni majina ya mahali. Arua iko Uganda. Aru iko Kongo. Herufi moja ikimezwa na radi, gari linaelekea nchi nyingine. Kaya ni mji wa Sudan Kusini ng'ambo ya Oraba, na kaya pia ni watu wa nyumba moja. Taarifa isemayo "moto umewaka Kaya" na ile isemayo "moto umeunguza kaya" si taarifa moja. Moyo nao ni mji. Kwa hiyo tuseme daima: Aru ya Kongo, Arua ya Uganda, mji wa Kaya, mji wa Moyo.

La pili ni tarakimu. Sita na tisa zina konsonanti zilezile, ila zimebadilishana nafasi. Nne na nane zinakaribiana. Redio ya ukanda mmoja hupitisha sauti hadi karibu hezi 3,000 tu, na mlio wa herufi "s" huwa sehemu kubwa juu ya hapo. Unakatwa. Ndiyo sababu askari hurudia namba mara mbili na kumtaka aliye upande wa pili azirudishe. Hakosi usikivu, anahakiki.

La tatu ni saa, nalo ndilo linalopoteza mengi. Uganda iko mbele ya Kongo ya mashariki kwa saa moja. Sudan Kusini nayo ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021. Kwa hiyo inapokuwa saa tisa alasiri Koboko, ni saa nane mchana Kaya na Aru. Zaidi ya hayo, aliyezoea kuhesabu saa kwa Kifaransa au Kiingereza akisikia "saa tisa" pasipo neno "alasiri", anaweza kuelewa saa tatu ya asubuhi. Mwananchi wa Koboko aseme kwamba ng'ombe wamevushwa saa tisa. Msikilizaji wa Aru aelewe saa tatu asubuhi ya kwao. Tayari kuna tofauti ya saa tano. Ng'ombe wanaoswagwa kilomita 3 kwa saa watadhaniwa wako kilomita 15 mbele ya walipo, na wanaofuata nyayo watatafuta mahali pasipo na nyayo.

Taarifa inayofika

Kwa kuzingatia hayo yote, tunapendekeza kila mwananchi anayetoa taarifa kituoni, kwa mwenyekiti wa LC I au kwa simu namba 999 au 112, aipange hivi:

1. Jambo gani limetokea, kwa sentensi moja.
2. Mahali: kijiji, kata, wilaya na nchi.
3. Wakati: saa, sehemu ya siku, na ni saa ya nchi gani.
4. Idadi: watu, mifugo, magari au silaha, itajwe mara mbili.
5. Uelekeo: wamefuata njia gani, na kwa miguu au kwa chombo gani.
6. Umeona mwenyewe au umeambiwa.

Maneno ya ziada yasubiri maelezo ya maandishi. Mtambo wa ukanda mmoja hutupa mzigo usiohitajika ili nguvu yote iende kwenye ujumbe. Nasi tukiupunguzia ujumbe wetu lawama na hadithi za kando, betri itatosha na masikio yatatosha.

Maswali ya kujadili katika mikutano ya Polisi Jamii

1. Kwa nini wimbi mbebaji linaweza kutupwa bila maneno kupotea, na ni kazi gani ambayo msikilizaji hulazimika kuifanya kwa niaba yake?
2. Mwendeshaji anasikia mlio wa bata. Anapaswa kufanya nini kwanza, na akishindwa, akague nini?
3. Kwa nini si sahihi kusema kwamba redio ya SSB ni ya siri? Taja jambo moja ambalo halipaswi kusemwa hewani kijijini kwenu.
4. Katika eneo lenu, ni majina yapi ya vijiji yanayofanana kwa sauti pande mbili za mpaka? Yaandikeni, mkubaliane namna ya kuyatofautisha, kisha mpeleke nakala kituoni.

Swali hilo la nne tunaliwekea mkazo. Wanaoyajua majina ya vijiji, vijito na njia za mpaka huu ni wakazi wake. Orodha itakayoandikwa na wazee na vijana wa kijiji, ikabandikwa kando ya chombo kituoni, itamsaidia askari mgeni aliyehamishiwa huku wiki iliyopita kulitambua jina sahihi mara ya kwanza analisikia, usiku wa radi, sauti ikiwa nusu bata na nusu mtu.